Kompyuta ya duka inaganda wateja wakijaa: ninunue RAM ipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, karibu na chuo. Natumia kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 3020, ile nyembamba, niliinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Ni Core i5, RAM GB 4, hadi diski GB 500, Windows 10. Asubuhi nikiiwasha naweza kupika chai na kuimaliza kabla haijatulia. Wateja wakijaa nafungua Word, Photoshop ya kutengenezea kadi na vitambulisho, na Chrome kwa wanaojaza maombi ya mkopo na ya ajira. Hapo inaganda, mshale hausogei, watu wanaanza kunung'unika. Fundi wa kwanza kaniambia ninunue RAM moja ya GB 16 niachane na shida. Wa pili kasema nitafute DDR4 kwa kuwa DDR3 imepitwa na wakati. Wa tatu ana RAM za GB 8 kwa bei ya kutupa, anasema zimetoka kwenye sava na ni imara kuliko za kawaida. Mdogo wangu naye ana RAM ya GB 4 aliyoitoa kwenye laptop yake mbovu, anasema nichomeke hiyo bure. Mwezi huu nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Ninunue ipi? Na je, nikiongeza RAM nibadili na pawa sapulai?

JIBU: Ndugu yangu, pole na kazi. Nianze na jibu fupi, usije ukakatizwa na mteja kabla hujafika mwisho. Kati ya RAM nne ulizotajiwa, hakuna hata moja itakayofanya kazi kwenye mashine yako. Ya GB 16 haifai, DDR4 haifai, ya sava haifai, na ya laptop haiingii. Unachohitaji ni kipande kimoja cha DDR3, kizazi cha RAM ambacho mashine yako inatumia, cha kompyuta ya mezani, GB 8, chenye lebo ya PC3-12800U au PC3L-12800U, kikae pamoja na hicho cha GB 4 ulicho nacho. Pawa sapulai iache ilivyo. Kipande cha DDR3 kinakula wati chache tu.

Lakini usipande basi la Dar bado. Kuna mambo ya kuangalia kwenye mashine yenyewe kwanza, hayagharimu kitu, na mojawapo linaweza kubadili jibu langu.

Ukisoma tena barua yako utaona umeeleza maradhi mawili. La kwanza ni la asubuhi: umeiwasha, hujafungua chochote, na bado inajikokota. La pili ni la saa za wateja: imeshatulia, unafanya kazi vizuri, kisha Photoshop na Chrome zikikutana inaganda. Mafundi wote watatu wamelitibu la pili tu. RAM ikiongezwa, ugonjwa wa asubuhi utapungua kidogo lakini hautaondoka, kwa sababu ule ni wa diski.

Nieleze kwa nini. RAM ndipo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapoweka kila kitu inachokishughulikia kwa wakati huo: Windows yenyewe, barua uliyofungua kwenye Word, picha ya kadi, na kila ukurasa wa Chrome. Nafasi hiyo ikikaribia kwisha, Windows haisimami ikakuambia imejaa. Inachagua vitu ambavyo hujavigusa kwa dakika kadhaa, inavihamishia kwenye faili lililofichwa ndani ya diski liitwalo pagefile.sys, halafu inaendelea. Mteja akikuambia "hebu rudi kwenye ile fomu yangu", ukabofya Chrome, ukurasa ule inabidi urudishwe kutoka kwenye diski, na ili upate pa kukaa, Photoshop nayo inaanza kuhamishwa. Ukirudi Photoshop, safari inaanza upya kinyumenyume. Prosesa yako ya Core i5 muda wote huo haina kazi, inasubiri tu.

Na inasubiri sana. RAM hujibu ndani ya nanosekunde 100 hivi. Hadi diski ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachokwenda na kurudi; mpaka kichwa kifike mahali pake na sehemu inayotakiwa izunguke ije chini yake, milisekunde 10 au zaidi zimeshapita. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Kama RAM ingekuwa inajibu kwa sekunde moja, hadi diski ingekujibu kesho yake, baada ya saa 27 na ushei. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, kwa kipimo hichohicho ingekujibu baada ya dakika 17 hivi. Kwa hiyo SSD ni nafuu kubwa mno kuliko hadi diski, lakini bado si mbadala wa RAM.

Kazi yako yenyewe ni ya kula RAM, usijilaumu. Karatasi ya A4 kwenye Photoshop kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ina nukta 2,480 kwa 3,508, na kila nukta inahitaji baiti tatu za rangi. Zidisha utapata kama MB 26 kwa tabaka moja lililojaa. Kadi ya harusi yenye matabaka kumi na mbili, ongeza kumbukumbu ya hatua ulizopitia ili uweze kurudi nyuma ukikosea, na umeshakula mamia ya MB kabla hujafungua kadi ya pili. Adobe wenyewe, kwa matoleo ya sasa, wanataka angalau GB 8 na wanapendekeza 16. Microsoft wanaandika GB 2 kwa Windows 10 ya biti 64, lakini hicho ni kiwango cha kuwaka tu. Kufanya kazi ni habari nyingine.

Sasa tazama mashine yako. Subiri saa ya wateja wengi, usifanye jaribio hili duka likiwa tupu. Vitu vyote vikiwa wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likitokea dirisha dogo bofya More details, kisha Performance, kisha Memory. Wengi huangalia asilimia tu, wakiona 85 wanashtuka. Asilimia peke yake haisemi mengi, maana haihesabu vitu ambavyo Windows imeshavihamishia kwenye diski. Kwa sababu hiyohiyo achana na zile programu zinazodai kusafisha RAM. Zinachofanya ni kusukuma vitu kwenye diski ili namba ipendeze, kisha unalipia ukivihitaji tena.

Angalia palipoandikwa Committed. Utaona namba mbili zenye mkwaju katikati, tuseme 7.2/9.0 GB. Ile ya kwanza ndiyo nafasi ambayo programu zako zimedai kwa jumla. Una GB 4 za kweli. Kama pale pameandikwa 7, basi huenda sehemu kubwa ya zile 3 zilizozidi inaishi kwenye diski, na ndiyo inayokugandisha. Namba hiyo saa ya wateja ikicheza kwenye 6 au 7, jumla ya GB 8 itakubeba kwa taabu kidogo na 12 itakubeba kwa raha. Ikipita 9, usihangaike na 8. Ikiwa haifiki hata 4, mimi na mafundi wako wote tumekosea, na pesa yako isiende kwenye RAM.

Ukiwa hapohapo bofya Disk. Kama inasoma asilimia 100 huku kasi ya kusoma na kuandika ni MB moja au mbili tu kwa sekunde, ujue kichwa cha diski kinakimbizana na vipande vidogovidogo huku na kule. Fanya kipimo hiki pia asubuhi, dakika mbili baada ya kuwasha, kabla ya kufungua chochote. Diski ikiwa kwenye 100 wakati Committed iko chini ya 4, huo ndio ugonjwa wa asubuhi, na dawa yake ni SSD.

Rudi kwenye Memory, soma palipoandikwa Slots used. Mashine yako ina sloti mbili tu. Ikisema 1 of 2, una kipande kimoja cha GB 4 na sloti moja wazi, mambo ni mepesi. Ikisema 2 of 2, una vipande viwili vya GB 2, na kimoja itabidi kitoke. Wauzaji wengi wa mashine zilizotumika hufanya hivyo, wanatoa kipande kikubwa wanaweka viwili vidogo, na mnunuzi anaambiwa "ina GB 4", kweli ni 4. Hapo ukiweka cha 8 utapata jumla ya 10, si 12. Bado ni nzuri.

Na jambo moja ambalo linaudhi likigundulika baada ya kununua: nenda Settings, System, About, soma aina ya Windows. Ikiandikwa 32-bit, RAM yoyote utakayoongeza juu ya GB 4 haitatumika, hata ukiweka 16. Mafundi wengi huweka Windows ya biti 32 kwenye mashine za GB 4 kwa mazoea. Prosesa yako inaweza biti 64 bila shida, lakini kuhama kunahitaji Windows kusakinishwa upya, kwa hiyo faili zako ziwe zimenakiliwa pembeni kwanza.

Turudi kwa washauri wako. Nawatetea kidogo, kwa sababu kila mmoja ana ukweli wa mashine nyingine.

Wa GB 16 angekuwa sahihi kama mashine ingekuwa ya DDR4. OptiPlex 3020 ni ya prosesa za Intel za kizazi cha nne, za mwaka 2013 na 2014, na kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa hizo hakitambui kipande cha DDR3 kinachozidi GB 8. Sloti mbili, 8 kila moja, ukomo ni GB 16. Kipande kimoja cha DDR3 cha GB 16 ukikipata ni nadra na ghali, na kwako hakitawaka.

Wa DDR4 hakosei kusema ni mpya na ina kasi zaidi. Ila haiingii. Kipande cha DDR3 cha mezani kina meno 240, cha DDR4 kina 288, na kikato cha katikati kimehamishwa makusudi ili mtu asikichomeke kwenye sloti isiyo yake. Volti nazo tofauti, 1.5 kwa DDR3 na 1.2 kwa DDR4. Fundi akikuambia "nitaisukuma itaingia", chukua mashine yako uondoke.

Kipande cha mdogo wako ni kifupi, kina meno 204 kama ni DDR3, kwa sloti yenye meno 240. Naona watu wanachanganywa na jambo hili kwa sababu zipo Dell za OptiPlex ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu kinene, ambazo hutumia RAM za laptop. Yako si hiyo.

Kwenye ile ya sava nitakaa kidogo, kwa kuwa bei yake inavutia na inaingia kwenye sloti bila kupigana, meno 240 kamili. Rahisi hughali, na hapa utaona kwa nini. Kipande cha sava aina ya R kina chipu ya ziada katikati inayopokea amri za prosesa na kuzigawa kwa chipu nyingine, ili sava iweze kubeba vipande vingi kwa pamoja. Prosesa za mezani kama yako hazijui kuongea na chipu hiyo. Utachomeka, utawasha, feni itazunguka, skrini itabaki nyeusi. Muuzaji atakuambia mashine yako ndiyo mbovu. Naye huenda anaamini hivyo kwa dhati, maana RAM ni nzima kweli na kwenye sava inawaka.

Kwa hiyo jifunze kusoma lebo, hiyo ndiyo kinga yako pale kaunta. Chukua kipande mkononi usome maandishi madogo. Kinachokufaa kitasema kitu kama 8GB 2Rx8 PC3L-12800U-11. GB 8 unaijua. 2Rx8 maana yake chipu zimepangwa safu mbili na kila chipu inatoa biti nane kwa wakati mmoja. PC3 ni DDR3. Herufi L ikiongezeka ni ile inayoweza kutumia volti 1.35, na inakubali kuishi na ya 1.5 bila ugomvi, ichukue tu. 12800 ni kasi, MB 12,800 kwa sekunde, ambayo ndiyo ileile wauzaji wanayoiita 1600: mara milioni 1,600 kwa sekunde, baiti nane kila mara. Herufi inayofuata ndiyo ya kuikodolea macho. U ni ya mezani ya kawaida. S ni ya laptop. R ni ya sava. Namba 11 ya mwisho ni idadi ya mizunguko inayopita kati ya amri na jibu. Kwa kazi yako usiijali.

Lebo zinabandulika na kubandikwa, kwa hiyo hesabu na chipu zenyewe. Kipande cha kawaida huwa na chipu nane kwa kila upande wenye chipu. Ukihesabu tisa, ile ya tisa ni ya kukagua makosa, hiyo ni ya sava au mashine za kazi maalumu. Ukiona na chipu nyingine ya umbo tofauti pale katikati, rudisha haraka.

Kuna mtego mwingine. Vipo vipande vya DDR3 vya GB 8, vipya kabisa kwenye pakiti inayong'aa, bei ya chini, vimeandikwa kwamba ni vya AMD pekee. Yaamini maandishi hayo. Vimetengenezwa kwa chipu za biti nne badala ya nane, yaani x4, na mashine za mezani za Intel hazivitambui. Muuzaji asiyetaka kukupoteza atakuambia, mwingine atakuambia "AMD ni jina la kampuni tu, hakuna tofauti."

Kuhusu kasi, usilipie zaidi ya 1600. Ukinunua 1866 au 2133 itashuka yenyewe hadi 1600 kwa sababu huo ndio ukomo wa mashine. Ukipata ya 1333, iliyoandikwa 10600U, vipande vyote viwili vitashuka hadi 1333, na kwenye Word na Photoshop hutahisi. Kati ya GB 4 za kasi na GB 8 za polepole kidogo, chukua 8 bila kufikiri.

Utasikia pia kwamba vipande lazima vilingane ili chaneli mbili zifanye kazi. Ni kweli nusu. Prosesa yako ina njia mbili za kufika kwenye RAM, na sloti zako mbili ziko moja kwa kila njia. Vikilingana, njia zote mbili hutumika kwa eneo lote. Ukiweka 4 na 8, GB 8 za kwanza, nne kutoka kila kipande, zitatumia njia mbili, na GB 4 zilizobaki zitatumia moja. Faida ya njia mbili inaonekana zaidi kwenye michezo ya kompyuta, kwa kuwa mashine isiyo na kadi ya picha hukopa RAM kwa ajili ya skrini. Kwako, kuwa na nafasi ya kutosha ni muhimu kuliko njia. Ndiyo maana sikupendekezi kununua cha GB 4 kingine ili "vifanane": sloti ni mbili tu, na siku ukitaka kuongeza tena, hicho cha 4 ulichonunua leo ndicho utakachokitoa. Cha 8 hakitatoka kamwe, maana ni kikubwa kuliko vyote ambavyo sloti hiyo itawahi kubeba. Ila kama tofauti ya bei ni kubwa na kipimo chako cha Committed kilikuwa 6, cha 4 kinatosha na wala usione aibu.

Sasa RAM au SSD, kwa kuwa mwezi huu ni kitu kimoja. Watu wa fani yangu wanabishana sana hapa, na wengi watakuambia SSD kwanza, kwa hoja kwamba hata RAM ikijaa, kuhamishia kwenye SSD si mateso. Hoja ni nzuri. Kwa duka lako mimi naweka RAM kwanza, kwa sababu mbili. Chai ya asubuhi inakupotezea muda wewe peke yako, lakini kuganda saa za wateja kunakupotezea wateja. Na kipande cha DDR3 kilichotumika mara nyingi ni rahisi kuliko SSD mpya, halafu SSD si kitu cha kuchomeka na kuondoka: Windows yote inabidi ihamishwe. Kama vipimo vyako vimeonyesha Committed iko chini ya 5 na diski iko kwenye 100 kutwa nzima, geuza, nunua SSD. Itakapofika zamu yake, chukua ya SATA ya inchi 2.5, zile nyembamba kama kipande cha chingamu, ziitwazo M.2, hazina pa kuchomekwa kwenye 3020. GB 240 zinatosha, na hadi diski yako ya zamani ibaki ndani kwa kuhifadhi kazi za wateja.

Nunua iliyotumika au mpya? Kwa DDR3, iliyotumika. RAM haina kitu kinachozunguka, haichakai kama diski. Ikiwa nzima leo ina nafasi kubwa ya kuwa nzima baada ya miaka mitano. Bei za RAM mpya, hasa DDR4 na DDR5, zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, baada ya viwanda vikubwa, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, kuelekeza nguvu kwenye chipu za mashine za akili bandia. Tafuta majina hayohayo matatu kwenye vipande vilivyotumika, au Kingston. Mara nyingi vimetolewa kwenye mashine za ofisi kama yako.

Ukienda kununua, beba boksi lenyewe, lile wengi tunaloliita CPU. Najua ni mzigo kwenye basi, lakini muuzaji akichomeka mbele yako, unaona mwenyewe. Mwambie awashe huku akibonyeza F2. Kwenye Dell utafika ukurasa unaoonyesha jumla ya RAM, kasi, na kama ni chaneli moja au mbili. Baada ya hapo mashine iwake mpaka Windows. Dai risiti yenye muda wa kurudisha ulioandikwa. Huwezi kwenda? Agiza, lakini mtumie muuzaji picha ya lebo ya kipande chako cha sasa, naye akutumie picha ya lebo ya atakachotuma, pande zote mbili, kabla ya pesa kutoka.

Kuchomeka unaweza mwenyewe. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi kwanza, ili umeme tuli wa mwilini uondoke kabla hujagusa RAM. Fungua vishikio vya sloti, linganisha kikato, kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vishikio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Wengi wanaogopa kukandamiza, kipande kinakaa upande mmoja, mashine haiwaki, wanadhani wameiua. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kukaa kimya kwa sekunde kadhaa, halafu Dell ikakuandikia kwamba kiasi cha RAM kimebadilika na unatakiwa kubonyeza kitufe kuendelea. Ni salamu tu hiyo.

Isipowaka, toa, safisha meno kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, rudisha. Mafundi hutumia kifutio cha penseli, na kinasaidia, ila polepole na vumbi lake lipulizwe nje, lisiingie kwenye sloti. Jaribu kipande kipya peke yake, kisha cha zamani peke yake, sloti moja baada ya nyingine. Ikiwaka na kipya peke yake na cha zamani peke yake lakini si vyote pamoja, kirudishe dukani ubadilishiwe. Ikiwaka vizuri, bado ijaribu: tafuta Windows Memory Diagnostic kwenye menyu, iache ifanye kazi yake ukifunga duka. Kosa hata moja, kipande kirudi dukani wakati risiti bado ina nguvu. RAM yenye kosa dogo si lazima ikuzimie mashine. Inaweza kuharibu faili kimyakimya.

Usiimwagie mashine hii pesa nyingi kupita hapo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nne hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa kuwa wateja wako wanaingiza nywila na taarifa zao kwenye mashine hiyo, jiandikishe kwenye huduma ya masasisho ya ziada inayofika Oktoba 2026, na uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane au zaidi. Hizo hutumia DDR4 au mpya zaidi, kwa hiyo RAM utakayonunua sasa haitahamia huko. Ndiyo sababu nyingine ya kutonunua vipande viwili vya 8 kwa mpigo.

Kuna hali ambazo hutakiwi kuzishughulikia mwenyewe. Taa ya kitufe ikipepesa rangi ya chungwa hata baada ya kurudisha RAM ya zamani, ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona zile pipa ndogo kwenye ubao zimevimba kichwani, peleka kwa fundi anayeshika solda, si anayeuza tu. Mashine ikijizima yenyewe kila umeme unapoyumba, hapo ndipo pawa sapulai ipimwe. Na kama wakati unafanya vipimo vya diski unasikia mlio wa tik, tik, tik kutoka ndani ya boksi, sahau RAM kwa leo. Hamisha kazi za wateja na vielelezo vyako vya kadi kwenye flashi au diski ya nje mara moja, ukianza na visivyoweza kutengenezwa upya, kisha zima mashine. Usimruhusu mtu aifomati mpaka uwe umefungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine na kuona zinafunguka.